Mali Bila Daftari: Kumbukumbu za Karani wa Chama cha Wafugaji wa Mbuzi wa Maziwa

Mwezi uliopita kamati yetu ya ukaguzi ilikaa asubuhi nzima katika boma la mzee mmoja mwanachama, huku kwetu Mukurwe-ini, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, ikimtazama beberu ambaye kila mpita njia alisimama kumsifu. Alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, rangi yake ya kahawia ikiwa na mstari mweusi ulioshuka kutoka shingoni hadi mkiani kama inavyotarajiwa kwa mbuzi wa Alpine wa Kijerumani, miguu ya nyuma imeachana vizuri na korodani mbili zinazolingana. Mzee alikuwa amemwosha kwa sabuni siku iliyotangulia na kumkata kwato. Tulipokwisha kumpapasa na kumpima kifua kwa tepe, niligeuza sikio lake, nikasoma nambari, nikafungua daftari, nikalifunga tena. Mwenyekiti akamweleza mwenye mbuzi kwa upole kwamba hatutaweza kumsajili awe beberu wa mbegu.

Mzee hakumtazama mwenyekiti. Alinigeukia mimi. “Karani, wewe una macho. Umeona kasoro gani?”

“Kasoro sijaiona, mzee wangu,” nilimjibu. “Shida ni kwamba hatumjui.”

Mama yake alinunuliwa sokoni akiwa na mimba, pamoja na nakala ya cheti cha nasaba iliyopigwa fotokopi mara nyingi hata maandishi yakafifia, na nambari iliyokuwa kwenye karatasi ile haikuwa nambari iliyochorwa sikioni mwa mbuzi. Baba wa beberu huyu kwa hiyo hakujulikana. Maziwa ya mama yake hayakuwahi kupimwa hata siku moja, ingawa mzee aliapa kwamba anajaza jagi. Jibu nililompa lilimuumiza mtu ninayemheshimu kama baba, nami tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kulieleza kikamilifu, kwa sababu uwanjani kwake, mbele ya majirani, sikuweza.

Mbuzi wa maziwa waliingia Nyeri kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa serikali ya Kenya na shirika la Ujerumani la GTZ ulipoleta Alpine wa Kijerumani ili wapandishwe na mbuzi wetu wa kienyeji. Kutokana na kazi ile kilizaliwa Dairy Goat Association of Kenya, chama ambacho makao yake yako Nyeri. Upande wa pili wa Mlima Kenya, Meru, shirika la FARM-Africa lilianza mradi kama huo mwaka 1996 kwa mbuzi wa Toggenburg, na wafugaji wa huko wakaunda Meru Goat Breeders Association. Tanzania walikuwa wametangulia: katika miaka ya 1980 mbuzi wa Kinorwe walipelekwa Mgeta, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kikiwa mshirika. Ukiyatazama maeneo hayo matatu utaona yanafanana. Ni ardhi ya mteremko, baridi ya milimani, watu wengi na mashamba madogo, mahali ambapo ng'ombe hana pa kulala lakini mbuzi wanne wanaweza kuishi katika banda la mbao lililoinuliwa juu ya ardhi, wakiletewa nepia, kaliandra na marando ya viazi vitamu.

Wageni walituletea mabeberu wazuri, na shukrani wanastahili. Kitu ambacho hakuna mgeni anayeweza kuleta ni kumbukumbu, kwa kuwa kumbukumbu huandikwa na yule anayeamka saa kumi na moja kukamua. Wazungu wenyewe walilijua jambo hilo kabla yetu. Chama cha Waingereza, British Goat Society, kiliundwa mwaka 1879, na chama cha Wamarekani kilipoanzishwa mwaka 1904 kilijiita American Milch Goat Record Association, maana yake chama cha kumbukumbu za mbuzi wa maziwa. Waliweka daftari ndani ya jina lao. Sisi Waswahili tuna msemo ulioandikwa ukutani mwa maduka mengi, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mali inayothibitisha msemo huo kuliko mbuzi wa mbegu.

Nieleze kwanza hesabu ya damu, kwa maana ndiyo iliyomkataa beberu wa mzee. Mbuzi wa kienyeji akipandwa na beberu safi wa Alpine huzaa mtoto mwenye nusu ya damu ya kigeni, yaani asilimia 50. Mtoto huyo akiwa jike na akapandwa na beberu mwingine safi, huzaa wa asilimia 75, kisha 87.5, kisha 93.75. Katika utaratibu wa usajili wa Kenya hatua hizi zinaitwa foundesheni, intamidieti, apendiksi na hatimaye pedigirii. Kila ngazi inahitaji kizazi kizima. Kwa mbuzi anayebeba mimba ya siku 150 hivi na ambaye hafai kupandishwa kabla ya kufikia uzito wa kutosha, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja, kupanda ngazi hizo nne ni safari ya miaka sita au saba kama hakuna kifo wala uzembe.

Sasa mchukue mama mmoja mwanachama wetu ambaye mbuzi wake wamefika asilimia 87.5 baada ya miaka hiyo yote ya jasho. Ukimletea beberu wa asilimia 75 kwa sababu ni mzuri wa kutazama, watoto watakuwa na asilimia 81.25. Umemshusha ngazi kwa siku moja, na hatajua, kwa sababu watoto watakuwa na rangi ileile na masikio yaleyale. Ndiyo maana dume chotara, hata awe mkubwa kiasi gani, tunashauri ahasiwe na kuuzwa kwa nyama. Jike mmoja mbaya huharibu boma moja. Beberu mmoja katika kituo chetu, yaani boma la mwanachama anayemtunza na ambako majike hupelekwa kupandishwa, hupanda majike ya kijiji kizima kwa zaidi ya mwaka, na nusu ya kila mtoto anayezaliwa ni yeye.

Hapa sina budi kusimulia kosa langu, kwa sababu wanachama wapya hudhani kanuni zetu zilitoka vitabuni.

Kanuni ya kila chama cha mbuzi wa maziwa ninachokifahamu ni kwamba beberu huhamishwa kituo kabla binti zake hawajawa tayari kupandishwa. Hesabu yake ni rahisi. Beberu akifika leo, watoto wake wa kwanza watazaliwa baada ya miezi mitano, na mtamba aliyelishwa vizuri anaweza kuingia kwenye joto akiwa na miezi sita au saba tu. Kwa hiyo mwaka mmoja baada ya beberu kufika, kuna binti zake wanaolia usiku wakimtafuta dume, na dume la karibu ni baba yao. Huku kwetu karibu na ikweta mbuzi hawana msimu maalumu wa kupandana kama walivyo Ulaya, ambako siku zikifupika ndipo majike huchangamka. Hapa wanarudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi mwaka mzima, kwa hiyo hakuna mwezi ambao mtu anaweza kusema yuko salama. Sisi tumeweka kikomo cha miezi 18, na wenye mabinti waliokomaa mapema wanatakiwa kuwapeleka kituo kingine hata kabla ya hapo.

Katika mwaka wangu wa tatu wa ukarani tulikuwa na beberu aliyependwa mno. Kituo chake kilikuwa kwa mwanachama mwadilifu, ada ya kupandisha ilikuwa inaingia bila kusumbuana, na kila mkutano nilipoitaja tarehe ya kumhamisha, sauti zilipanda: mwachie kidogo, kuna majike mengine yanamsubiri. Niliahirisha. Niliahirisha tena. Alikaa miaka miwili na nusu, na mimi niliyekuwa na daftari mkononi ndiye niliyeandika, kwa mwandiko wangu, majina ya majike saba waliopandwa na baba yao mzazi. Watoto wa namna hiyo wana kiwango cha kuzaliana kwa damu moja cha asilimia 25; kwa wale wa kaka na dada waliochangia baba tu ni asilimia 12.5. Namba hizo zinaonekana kavu hadi unapomwona mwanambuzi aliyezaliwa na kilo moja na nusu akishindwa kusimama kunyonya. Wawili walikufa wiki ya kwanza. Mmoja alizaliwa na taya la chini lililochomoza, asiweze kung'ata majani vizuri. Wengine waliishi, wakawa wadogo, na mama zao wakalaumiwa. Nilikwenda boma kwa boma kueleza kwamba lawama si ya mbuzi wala ya chakula.

Tangu hapo tarehe ya kuhamisha beberu huandikwa kwenye ukuta wa banda lake siku anayofika, kwa rangi, mahali ambapo kila anayeleta jike anaisoma. Haipigiwi kura.

Kuna somo jingine ambalo ningependa kila anayenunua mbuzi wa maziwa alijue, nalo linahusu pembe. Wanunuzi wengi hupenda mbuzi asiye na pembe. Hapigani, haharibu banda, hawaumizi watoto wa mwenye nyumba. Wapo mbuzi wanaozaliwa bila pembe katika koo za Saanen, Alpine na Toggenburg, na tabia hiyo hurithiwa kwa nguvu, kiasi kwamba mzazi mmoja anatosha kuipitisha. Lakini imefungamana na kasoro iliyojificha. Mtoto akiipokea kutoka kwa wazazi wote wawili na akawa jike, hakui akawa jike kamili: hutokea huntha, mwenye uke mdogo usio wa kawaida, wakati mwingine mwenye kichwa na shingo kama ya dume, na hashiki mimba maisha yake yote. Wazazi wawili wasio na pembe, ambao kila mmoja alizaliwa na mzazi mmoja mwenye pembe, wanaweza kupata mtoto wa aina hiyo mara moja katika kila watoto wanane. Mama mmoja kwetu alimlisha mtamba kwa karibu miaka miwili akingojea azae, akamlipia ada ya beberu mara tano, kabla daktari wa mifugo hajamkagua na kutueleza. Alilia, na hasira zake zilikuwa za haki.

Dawa yake haina gharama: jike asiye na pembe apelekwe kwa beberu mwenye pembe. Ugumu uko kwenye kuandika, kwa sababu mbuzi aliyechomwa vichipukizi vya pembe akiwa mdogo anafanana kabisa na yule aliyezaliwa bila pembe, ingawa katika damu yake pembe zipo. Ndiyo maana fomu yetu ya kuzaliwa ina swali hilo peke yake, na hujibiwa ndani ya wiki ya kwanza, kabla chuma cha moto hakijaingia bomani. Baada ya hapo utabaki kukisia.

Sasa nije kwenye mbuzi mwenyewe, kwa sababu sitaki mtu adhani kwamba karatasi inatosha. Tunapokwenda kumkagua jike huenda wakati wa kukamua, na hufika kabla mwenyewe hajaosha mikono. Kiwele kilichojaa hudanganya watu wazima. Nimeona viwele vikubwa kama mtungi ambavyo baada ya kukamuliwa vilibaki vilevile, vimejaa nyama, na nimeona kiwele cha wastani ambacho kilipokwisha kukamuliwa kilinywea na kukunjamana kama leso iliyolowa, laini hadi juu. Huyo wa pili ndiye mwenye maziwa. Hutazamwa pia kwa nyuma: kiwele kiwe kimeshikwa juu na kwa upana katikati ya mapaja, kigawanyike nusu mbili zinazolingana, na sakafu yake isishuke chini ya kifundo cha mguu wa nyuma, kwani kiwele kinachoning'inia hukwaruzwa na mbao, hukanyagwa, huingia ugonjwa wa kiwele, na kufikia uzazi wa tatu mbuzi huyo amekwisha. Wamarekani katika kadi yao ya kutoa alama kwa jike hugawa alama 100 hivi: umbo kwa jumla 35, sifa za umaziwa 20, ukubwa wa mwili wa kubebea chakula 10, na kiwele na chuchu 35. Ndani ya hizo 35 za kiwele, 13 ni za jinsi kilivyoshikwa. Nilipoisoma kadi hiyo mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu Cucu (bibi kizee) mmoja wa kundi letu, ambaye hajawahi kuona kadi yoyote, alikuwa amenifundisha miaka mingi kabla kwamba mbuzi hununuliwa kwa nyuma.

Chuchu ziwe mbili. Narudia kwa sababu watu hawahesabu. Chuchu ya ziada, au chuchu moja iliyogawanyika ncha mbili kama mkia wa samaki, hurithiwa, na haitakiwi katika mbuzi wa mbegu hata kama maziwa yake ni mengi. Mabeberu nao wana vichuchu mbele ya korodani, na hivyo pia hukaguliwa. Beberu mwenye vichuchu vinne atawapa binti zake urithi huo. Midomo hufunguliwa: meno ya chini yakutane na ufizi wa juu barabara, kwa kuwa mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Hayo meno manane ya chini hutupa umri pia, jozi moja ya meno makubwa ikichukua nafasi ya ya utotoni baada ya mwaka wa kwanza, ya pili karibu na miaka miwili, ya tatu karibu na mitatu, na kinywa kikijaa karibu na minne, kwa hiyo muuzaji anayekuambia mbuzi ni mtamba wa kwanza wakati jozi tatu zimekwisha toka amekupa sababu ya kuondoka.

Rangi ina kazi yake, nayo ni kutuambia ukoo. Toggenburg ana kahawia na michirizi miwili myeupe usoni, Saanen ni mweupe, Anglo-Nubia ana masikio marefu yanayolala na pua iliyopinda. Hata hivyo rangi haikamuliwi. Vile vijinyama viwili vinavyoning'inia shingoni, ambavyo sokoni hupandisha bei, havithibitishi chochote kuhusu maziwa. Saanen nitaongeza neno: ngozi yake nyororo ya waridi huungua na jua letu, masikioni na kwenye kiwele, kwa hiyo anayemchagua kwa weupe wake awe na banda lenye kivuli cha kweli.

Kinachobaki baada ya macho kumaliza ni mizani. Tunasisitiza mizani na tumeacha jagi, kwa sababu maziwa ya mbuzi yakikamuliwa kwa nguvu huinua povu, na mwenye haraka husoma povu. Kila mwezi, siku iliyopangwa, mwanachama hupima maziwa ya asubuhi na ya jioni ya kila mbuzi, na mara kwa mara mjumbe kutoka boma jingine huja kushuhudia. Mbuzi aliyetoa kilo 2.4 siku hiyo huhesabiwa kilo 72 kwa mwezi wa siku 30, kisha miezi hujumlishwa mpaka anapokauka au anapofikia siku 305. Hesabu hiyo ina makosa madogo, ndiyo, lakini makosa hayo ni yaleyale kwa mbuzi wote, na ndiyo maana inawezekana kuwalinganisha. Kwa hesabu hiyo tumegundua mambo yaliyotushangaza. Mbuzi aliyekuwa akisifiwa kijijini kwa kutoa lita nne siku za kwanza baada ya kuzaa alikauka mwezi wa tano. Mwingine ambaye hakuna aliyemtaja, mdogo, mweusi, mwenye pembe iliyovunjika, alianza na kilo mbili na mwezi wa tisa alikuwa bado na moja na nusu. Watoto wa huyo mweusi ndio tunaowatafuta sasa. Beberu hana maziwa ya kupimwa, kwa hiyo njia pekee ya kumjua kabla binti zake hawajazaa ni kumjua mama yake, na mama hujulikana kwa mizani.

Jambo lililonichosha zaidi katika ukarani ni vyeti, kwa sababu hapo ndipo urafiki unapojaribiwa. Zipo nyakati ambapo mnunuzi anakuja na lori, ametumwa na mradi katika kaunti nyingine, anataka majike ishirini wa apendiksi kabla ya Ijumaa, na bei anayotoa inatosha ada ya muhula mzima wa shule. Wanachama wanao kumi na wawili. Wanane waliobaki ni wa intamidieti, wanafanana na wenzao, na anayeomba niongeze ngazi moja kwenye karatasi ni mtu aliyenizikia mama. Nimekataa mara zote, isipokuwa mara moja ya mwanzoni ambapo niliandika kwa kuamini neno la mtu bila kuangalia daftari la kuzaliwa, na mbuzi yule alipozaa huko alikokwenda mtoto wa sura ya kienyeji kabisa, simu iliyokuja ilinifundisha ugumu wa kulirudisha jina la chama likishachafuka. Tulimrudishia mnunuzi tofauti ya bei kutoka mfuko wa chama. Kwa misimu miwili hakuna lori lililokuja.

Kuhusu uendeshaji wa chama kwa jumla sina mengi ya kueleza, kwani yanafanana na ya vikundi vingine: katiba, usajili chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, mikutano, akaunti yenye watia sahihi watatu. Nitataja mawili tu ambayo ni ya mbuzi. La kwanza, mtunza beberu alipwe. Dume anakula kila siku, ananuka, hawezi kukaa karibu na majike wanaokamuliwa kwa sababu harufu yake huingia kwenye maziwa, na mtunzaji huamshwa saa yoyote na mwenye jike lililo kwenye joto. Ada ya kupandisha kwetu hugawanywa, sehemu kubwa ikibaki kwake na kiasi kidogo kikiingia mfuko wa kununulia beberu anayefuata. La pili, beberu asiingie kituoni bila kupimwa damu kwa ugonjwa wa kutupa mimba, na jike asiyejulikana alikotoka asipandishwe kabla ya kupimwa naye, kwa sababu ugonjwa huo humpata pia binadamu anayekunywa maziwa mabichi. Sasa upo pia uhimilishaji, yaani kumpa jike mimba kwa mrija wa mbegu, nasi tumeanza kuuzungumzia ili tupate damu mpya bila kusafirisha dume, lakini mbegu ya kwenye mrija nayo inaingia katika daftari lilelile kwa nambari ya beberu wake.

Nambari hiyo yenyewe inahitaji uangalifu. Hereni ya plastiki hunaswa na matawi ikapasua sikio, ikapotea, na mbuzi akabaki bila jina. Tatuu ya wino wa kijani ndani ya sikio hudumu, ingawa lazima ulisafishe sikio na kumulika tochi kwa nyuma ili uisome. Sisi hutumia zote mbili. Na pale jike linapotoroka usiku likapandwa na dume wa jirani, kisha kesho yake likapelekwa kituoni kwa aibu, hatuandiki jina la beberu wetu tukatumaini mema. Tunaandika “baba hajulikani”, na mwenye mbuzi anatia sahihi. Mstari huo mfupi umeleta ugomvi kuliko kifungu chochote cha katiba yetu, nami nauona kuwa ndio unaofanya mistari mingine yote iaminike.

Nirudi kwa mzee. Wiki mbili baada ya ukaguzi alinipigia simu jioni, bila salamu ndefu, akasema mama wa yule beberu amezaa, mapacha, majike wote wawili, na safari hii baba anajulikana kwa kuwa yeye mwenyewe alimpeleka kituoni na risiti anayo. Akauliza kama anaweza kuazima mizani ya chama. Nilimpelekea kesho yake asubuhi na mapema, nikamkuta amekwisha kutundika kamba kwenye boriti ya banda, ndoo tupu imepimwa uzito wake na kuandikwa kwa chaki mlangoni ili itolewe kwenye hesabu. Tuliwaachia mapacha maziwa yao ya mwanzo mpaka siku ya tano. Jumamosi iliyopita tulipima kwa mara ya kwanza: kilo 1.6 asubuhi, kilo 1.1 jioni, na yeye ndiye aliyeandika.

Yule beberu mzuri bado yuko, hajahasiwa, na mzee hajaamua. Sikumsukuma. Aliniomba tu nimwandikie kwenye daftari jipya alilonunua tarehe ya kipimo kijacho, nikaandika tarehe 14, naye akaisoma kwa sauti na kulifunga kwenye mfuko wa plastiki ili mvua isilifikie.